Timu ikiwa mtandaoni: hatua za kulinda taarifa za wachezaji kwenye programu ya kusimamia timu

Programu za kusimamia timu kama TeamSnap, Spond na Heja zimelistaafisha daftari la katibu. Ratiba ya mechi, mahudhurio ya mazoezi, michango, ujumbe wa kocha na namba za wazazi vyote viko humo, na kila mwanatimu anavifikia kwa simu yake. Urahisi huo ndio unaotufanya tusahau kuuliza nani mwingine anaona.

Faragha ikitajwa, wengi huwaza kampuni: je, inauza data zetu? Swali hilo ni halali na tutalifikia. Ila ukichunguza jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, utaona kwamba taarifa zinaweza kuvuja bila kampuni kufanya ubaya wowote. Anatosha meneja aliyegawa usimamizi kwa kila aliyeomba, au kiungo cha kalenda kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp, au faili la majina lililosahaulika kwenye kompyuta ya ofisini. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inamhusu meneja wa timu. Mzazi au mchezaji wa kawaida akibanwa na muda, asome hatua ya 3, ya 6 na ya 8.

Hatua ya 1: Fungua wasifu wa mchezaji mmoja, uusome kwa jicho la mgeni

Usianze na mipangilio. Chagua mchezaji mmoja, ikiwezekana mtoto, fungua wasifu wake na usome kila mstari. Aghalabu utakuta jina kamili, picha, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jezi, simu ya mama, barua pepe ya baba, mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, na kwenye kisanduku cha maelezo mtu kaandika: "Ana pumu, inhela iko mfuko wa pembeni wa begi." Ukigusa ratiba unaona mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, na chini yake ramani ya uwanja.

Kimoja kimoja havina uzito. Vikikaa pamoja, mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo anaijua sura yake, anajua atakuwa wapi saa ngapi, na analo jina la mama la kutaja akitaka kuaminiwa.

Sasa punguza. Kisichotumika msimu huu kitoke. Tarehe kamili ya kuzaliwa inahitajika kwenye fomu ya usajili wa ligi, lakini kwenye wasifu unaoonwa na timu nzima kundi la umri linatosha. Anwani ya nyumbani ni nadra sana kuhitajika. Nakala za vyeti vya kuzaliwa na pasipoti zisiwekwe kwenye sehemu ya mafaili ya timu hata kwa siku moja, kwa sababu siku hiyo moja inatosha watu kuzipakua.

Maelezo ya afya ni habari nyingine. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayaweka kwenye kundi la data nyeti zinazohitaji uangalizi wa pekee, lakini ni hayohayo yanayookoa maisha mchezaji akibanwa na kifua katikati ya mechi. Usiyafute. Yahamishie kwenye sehemu inayoonwa na kocha na viongozi pekee. Programu ikiwa haina sehemu hiyo, kocha akae nayo kwenye karatasi ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Ndiyo, karatasi. Haina kiungo cha kusambaza.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kabla ya kumwingiza mtu

Chini ya GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, kuna anayeamua data zikusanywe kwa nini na zitumikeje, na kuna anayezichakata kwa niaba yake. Kwa orodha ya wachezaji, huduma nyingi za aina hii huandika kwenye masharti yao kwamba mwamuzi ni klabu, na kampuni ni mchakataji tu. Kampuni huwa mwamuzi kwa mambo yake yenyewe, kama akaunti, nenosiri na ankara. Maana yake ni kwamba mzazi akiuliza, "Namba yangu umeipata wapi?", anayepaswa kujibu ni wewe uliyeiandika, si kampuni.

Kosa la kawaida hutokea siku ya kwanza kabisa. Meneja ana jedwali la msimu uliopita, programu inampa kitufe cha kupakia jedwali zima, anabonyeza, na ndani ya dakika moja watu ishirini wanapokea barua pepe ya mwaliko kutoka kwa kampuni wasiyoijua. Miongoni mwao wamo walioacha timu zamani. Taarifa zao zimeshafika kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, kabla hata hawajasema ndiyo.

Tuma ujumbe kwanza, usubiri majibu, kisha uingize majina ya waliokubali. Ujumbe hauhitaji lugha ya kisheria:

"Wazazi na walezi wa timu ya chini ya miaka 13, habari zenu. Tunataka kuanza kutumia programu ya simu kwa ratiba na mahudhurio. Nitaweka humo jina la mtoto, namba ya jezi na simu moja ya mzazi. Simu itaonwa na kocha na mimi tu. Picha sitaweka. Asiyependa aniambie faraghani, nitaendelea kumtumia ratiba kwa ujumbe wa kawaida. Mtoto hatapoteza nafasi kwa sababu hiyo."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Ruhusa ya mtu anayeogopa mwanawe atawekwa benchi si ruhusa.

Hatua ya 3: Pekua sera ya faragha, usiisome yote

Sera hizi ni ndefu, na sehemu kubwa ni maneno ya mawakili. Ifungue kwenye kompyuta, tumia kitufe cha kutafuta neno ndani ya ukurasa, na uende moja kwa moja kwenye mambo manne: matangazo, watoto, muda wa kuhifadhi data, na kitakachotokea kampuni ikiuzwa. Hilo la mwisho wengi hulipita. Ni kawaida sera kusema kwamba kampuni ikinunuliwa, data za watumiaji huhamia kwa mnunuzi pamoja na mali nyingine. Si hila, ila ni vizuri kujua kwamba unayemwamini leo huenda si atakayekuwa na majina yenu kesho.

Kwenye matangazo, sentensi "hatuuzi taarifa zako" isikutulize haraka. Angalia aya inayofuata, ile inayosema taarifa "hushirikishwa" na washirika. Sheria ya faragha ya California, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2020, haihesabu kuuza kuwa ni kupokea fedha taslimu tu. Kutoa taarifa kwa faida nyingine yenye thamani nako ni kuuza. Ndiyo sababu chini kabisa ya tovuti nyingi siku hizi kuna kiungo cha kukataa taarifa zako zisiuzwe wala kushirikishwa. Kibonyeze. Hata kama huishi Marekani, kampuni nyingine huliheshimu ombi hilo bila kukuuliza unaishi wapi.

Usitishwe na kila jina lililo kwenye orodha ya wanaopokea data. Mwenye seva za kukodi, kampuni inayosafirisha barua pepe na ujumbe mfupi, mchakataji wa malipo na mtoa ramani ni watu wa lazima. Bila wao programu haiendi. Wa kutilia shaka ni mitandao ya matangazo na wale walioelezwa kwa jumla tu kama "washirika waaminifu". Na kulipia kifurushi kisicho na matangazo huondoa matangazo kwenye skrini. Hakuondoi ufuatiliaji hadi sera iseme hivyo.

Njia ya mkato ni ukurasa wa programu kwenye duka la simu. Apple ilianza kuonyesha maelezo mafupi ya faragha ya kila programu Desemba 2020, na Google Play ikafuata mwaka 2022. Maelezo hayo hutolewa na kampuni yenyewe, kwa hiyo yasome kama maelezo ya muuzaji kuhusu bidhaa yake. Lakini kama humo imekiri kwamba inakusanya mahali ulipo na majina yaliyo kwenye simu yako, haitakuwa inajisingizia.

Hatua ya 4: Gawa vyeo kwa mkono wa birika

Hapa ndipo penye kazi. Karibu kila programu ina ngazi za mmiliki, msimamizi, kocha, mchezaji, mzazi na mfuasi. Tatizo ni kwamba cheo cha msimamizi hutolewa kama shukrani. Mzazi kasaidia usafiri mara mbili, kapewa usimamizi ili ajione anathaminiwa. Sasa anaweza kusoma maelezo ya afya ya watoto wote, kuona nani hajalipa, na kupakua orodha nzima kwa kubonyeza mara moja.

Wasimamizi wawili wanatosha timu moja: wewe na mtu wa kushika nafasi yako ukiugua. Mweka hazina aone malipo, asione afya. Kocha aone afya na mahudhurio, malipo hayamhusu, na kusema kweli ni bora asiyajue siku anapopanga kikosi. Programu isiyoweza kutenganisha haya ina upungufu, na ni sababu tosha ya kutafuta nyingine.

Kisha fanya jaribio ambalo mameneja wengi hawalifanyi. Fungua akaunti ya pili kwa barua pepe yako nyingine, ujialike kama mfuasi wa kawaida, uingie. Nenda kwenye orodha ya wachezaji, gusa jina, uone. Simu zinaonekana? Barua pepe je? Ukibonyeza picha inafunguka kubwa na kupakuliwa? Mara nyingi unachokiona kwenye akaunti ya msimamizi hakikuonyeshi wengine wanaona nini, na mipangilio iliyoandikwa "faragha" inaweza kuwa inaficha namba kwa watu wa nje tu, si kwa wafuasi waliokwisha kuingia. Ukimaliza, futa akaunti hiyo ya majaribio.

Maombi ya kujiunga yasikubaliwe kwa kuangalia jina peke yake. Mtu akijitambulisha kuwa ni baba wa mchezaji, mpigie mzazi unayemfahamu umuulize. Wako wazazi waliotengana ambao mmoja wao amezuiwa na mahakama kumkaribia mtoto, na ratiba ya timu inamwambia moja kwa moja mtoto atakuwa wapi Jumamosi. Vivyo hivyo kwa watu wazima: mchezaji anayeomba jina lake la pili lisionekane anaweza kuwa na sababu nzito. Mpe anachoomba, usimlazimishe aieleze.

Hatua ya 5: Shughulikia kiungo cha kalenda

Programu nyingi hukupa kiungo cha kuunganisha ratiba ya timu na kalenda ya simu. Ni huduma nzuri, na ndiyo tundu ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu halionekani.

Kiungo hicho ni anwani ndefu yenye herufi na tarakimu za kubahatisha. Kwa kawaida hakina nenosiri. Usiri wake wote uko kwenye ugumu wa kukikisia. Aliyenacho anasoma, basi. Kalenda yake huenda kwenye seva yenyewe kila baada ya muda fulani na kuchukua mabadiliko mapya bila kubisha hodi. Kwa hiyo kikitumwa kwenye kundi la gumzo, kila aliye kwenye kundi hilo, na kila atakayetumiwa naye, ataendelea kupokea ratiba. Tena kumwondoa mtu kwenye timu huenda kusikikate kiungo alichokwisha kukinakili.

Fanya hivi. Kila mtu achukue kiungo kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe, kisitumwe na meneja. Mtu akiondoka kwa ugomvi, tafuta kitufe cha kuunda kiungo kipya ili cha zamani kife. Na chunga kisanduku cha maelezo cha kila tukio, maana maandishi yake husafiri pamoja na kalenda. "Tutakutana uwanjani saa tatu" haina shida. "Watoto watalala kwa mama wa namba 7, ufunguo wa geti uko chini ya chungu" isiandikwe humo.

Ukurasa wa wazi wa timu nao uangalie papo hapo. Ukiwashwa, injini za utafutaji zinaweza kuuorodhesha. Tafuta jina la timu yako kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwenye akaunti, uone kinachotokea. Matokeo ya mechi na ratiba ya ligi hayana neno. Majina kamili ya watoto yakiwa pamoja na picha, zima ukurasa.

Hatua ya 6: Watoto, picha na gumzo

Marekani ina sheria inayoitwa COPPA, iliyopitishwa 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000, inayotaka huduma za mtandaoni zipate idhini ya mzazi iliyothibitishwa kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. GDPR inaweka umri wa kujiamulia kuwa 16, ila nchi mwanachama inaweza kuushusha hadi 13. Ndiyo sababu huduma nyingi humfanya mzazi awe mwenye akaunti, mtoto akawa jina tu chini yake. Mpangilio huo ni mzuri, ufuate. Usimdanganyie mtoto mwaka wa kuzaliwa ili apate akaunti yake. Mfumo ukishaamini ni mtu mzima, utampa matangazo ya watu wazima na gumzo la watu wazima, na ulinzi wote uliowekwa kwa ajili yake umeuzima wewe.

Gumzo kati ya kocha na mtoto liwe na mtu mzima wa pili ndani. Programu nyingine zina mpangilio wa kumwingiza mzazi kiotomatiki. Uwashe, hata kama kocha ni mtu wa heshima zake. Unamlinda na yeye pia.

Picha zina mambo mawili. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake viwianishi vya mahali ilipopigiwa. Baadhi ya huduma huviondoa wakati wa kupakia, nyingine haziondoi, kwa hiyo zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera kabla ya mechi. La pili ni maelezo ya chini ya picha. "Bao la tatu, kipindi cha pili" inatosha. Jina kamili la mtoto, shule yake na uso wake visikae mstari mmoja.

Hatua ya 7: Rekebisha simu, nenosiri na malipo

Ruhusa ya mahali iwe "wakati wa kutumia programu tu", au isiwepo kabisa. Ramani ya uwanja itafunguka hata bila hiyo. Anayeona hili ni woga tu akumbuke ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi kama kukimbia. Ilitolewa Novemba 2017 ikionyesha njia za mazoezi za watumiaji bila majina yao, na Januari 2018 watu wakagundua kwamba inachora kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo wakiwa na saa zao. Hakuna aliyedukuliwa.

Kwenye iPhone, tangu toleo la iOS 14.5 la Aprili 2021, programu inapaswa kukuomba kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Kataa. Kwenye Android ingia mipangilio ya faragha, sehemu ya matangazo, ufute namba ya utambulisho wa matangazo.

Nenosiri la msimamizi lisiwe la kushirikiana, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kama upo. Malipo hayana mengi. Huduma zilizo makini hukabidhi kadi kwa mchakataji kama Stripe na kubaki na tarakimu nne za mwisho tu. Anayekuomba upige picha ya kadi na kuituma kwenye gumzo, hata akiwa mweka hazina, mkatalie.

Hatua ya 8: Kutoka kwa utaratibu

Kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Kujitoa kwenye timu nako hakuifuti. Ni mambo matatu tofauti, na watu huyachanganya kila msimu. Tangu tarehe 30 Juni 2022 Apple inazitaka programu zinazoruhusu kufungua akaunti zitoe pia njia ya kuanzisha ufutaji wake humohumo ndani, kwa hiyo kitufe kipo, mara nyingi kimefichwa chini kabisa ya mipangilio.

Utaratibu ni huu: pakua unachokihitaji, kabidhi umiliki wa timu kwa mwingine kama wewe ndiye mmiliki, jitoe kwenye timu, ndipo ufute akaunti. Ukiruka ukabidhi, timu inaweza kubaki haina mwenyewe, na hakuna atakayeweza kuondoa data zake. Kama kitufe hakionekani, andika barua pepe kwa anwani ya faragha iliyotajwa kwenye sera:

"Naomba kufutiwa akaunti yangu iliyosajiliwa kwa barua pepe hii, pamoja na taarifa za mtoto aliye chini yake. Kabla ya kufuta, naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kutuhusu. Tafadhali nijulisheni kile msichoweza kufuta na sababu yake."

Kwa walio chini ya GDPR, jibu linapaswa kuja ndani ya mwezi mmoja, na kampuni inaweza kuongeza miezi miwili ombi likiwa gumu, mradi ikueleze sababu. Usishangae ukiambiwa kumbukumbu za malipo zitabaki kwa ajili ya kodi, au nakala rudufu zitachukua muda kufutika. Hayo ni ya kawaida. Jumbe zako kwenye gumzo la timu zinaweza kubaki bila jina lako. Unazotaka zitoweke, zifute mwenyewe kabla.

Kwa meneja, msimu ukiisha, futa maelezo ya afya na uwaondoe waliohama. Kisha nenda kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta na simu yako. Faili ulilolipakua ili uchapishe orodha siku ya mashindano bado limo, na hakuna mpangilio wowote wa programu unaoligusa.

Na faili hilo likitumwa kwa mtu asiyehusika, huo ni uvujaji wa data hata kama seva za kampuni ziko salama. Chini ya GDPR, klabu inatakiwa kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa data ndani ya saa 72 tangu ilipojua, isipokuwa kama hakuna uwezekano wa watu kupata madhara. Mpigie aliyelipokea, mwombe alifute na athibitishe kwa maandishi. Siku hiyohiyo waambie wazazi husika kilichokuwemo, mstari kwa mstari, na uandike tarehe na saa ya kila simu uliyopiga.